Kabla ya kufungwa mkanda wa presha
Aliyefikisha miaka 40 apimwe shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka hata kama hajisikii vibaya, kwa kuwa maradhi haya hukaa kimya muda mrefu. Hapa Tanga, ambapo wengi wetu hufika zahanati kwa baiskeli, tena tukitokea kwenye kahawa ya barazani, ni vyema kahawa iachwe nusu saa kabla, mtu aende haja ndogo, kisha aketi dakika 5 akiwa ameegemea, nyayo sakafuni na mkono mezani usawa wa moyo. Mjadala wa timu yetu ya soka, Coastal Union, nao usubiri, maana kuzungumza hupandisha kipimo. Kikisoma 140/90 au zaidi, kirudiwe siku nyingine. Kikifika 180/120, usiondoke bila kumwona tabibu.