Chihuahua: mbwa anayepimwa kwa gramu

Kabla hujanunua kitanda, sweta au bakuli la kupendeza, nunua mizani ya jikoni, ile inayosoma gramu. Chihuahua mzima huwa na kilo 1.5 hadi 3. Mbwa wa kilo 30 akipungua gramu 200 hakuna atakayejua. Chihuahua wa kilo 2 akipungua gramu hizo hizo amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7. Karibu kila balaa linalompata mbwa huyu linatoka kwenye hesabu hiyo: njaa, baridi, dawa, kuruka kutoka kwenye kochi, hata kupe.

Mpime mara moja kwa wiki kabla hajala, ndani ya bakuli pana ambalo uzito wake umeshautoa, na uandike. Aliye chini ya miezi 4 mpime kila siku. Asipoongezeka kwa siku mbili, au akipungua, usingoje wiki iishe ndipo umwone daktari wa mifugo.

Jina lake (hutamkwa chiwawa) limetoka kwenye jimbo la Chihuahua, kaskazini mwa Meksiko. Wako wenye manyoya mafupi na wenye manyoya marefu, na matunzo yao yanatofautiana kidogo tu: wa manyoya marefu achanwe mara mbili au tatu kwa wiki, hasa nyuma ya masikio. Hakuna aina inayoitwa “mbwa wa kikombe cha chai”. Hilo ni jina la sokoni la Chihuahua aliyezaliwa mdogo kupita kiasi, na mara nyingi ndiye dhaifu kuliko ndugu zake. Unalipa zaidi ili upate mgonjwa.

Unapochagua, pitisha kidole taratibu juu ya kichwa. Wengi wa aina hii wana utosi usiofunga, kama wa mtoto mchanga, na wengine hubaki nao maisha yao yote bila shida. Kinachotakiwa kukutia shaka ni utosi mpana pamoja na kichwa kilichotuna, macho yanayoelekea chini na pembeni, na mbwa anayezunguka zunguka au kuzubaa: huenda ana maji kichwani. Usimchukue mwenye chini ya wiki 8. Kwa mbwa wadogo hivi, wiki 10 hadi 12 ni bora zaidi, kwa sababu ya jambo linalofuata.

Sukari ikishuka

Hiki ndicho kinachoua Chihuahua wachanga katika siku za kwanza nyumbani kwa mmiliki mpya. Ini lao ni dogo na akiba ya sukari ni ya saa chache. Ongeza safari, woga, minyoo na chakula kipya asichokitaka, na akiba inakwisha. Mbwa aliyekuwa akicheza asubuhi anakuwa mlegevu, anayumba, macho yanakodoa, fizi zinapoa na kupauka, kisha inakuja degedege. Watu husema amerogwa au ametiliwa sumu, kumbe ana njaa.

Weka asali au glukosi ya unga mahali unapoweza kuipata hata gizani. Dalili zikianza:

1. Chukua asali kiasi cha nusu kijiko cha chai (au glukosi iliyokorogwa na maji kidogo iwe nzito) umpake kwenye fizi na upande wa ndani wa mdomo. Usimmiminie kitu kooni. Asiyeweza kumeza atakivuta mapafuni.
2. Akiwa katika degedege, usiingize kidole katikati ya meno. Paka ndani ya shavu tu.
3. Mfunike, mweke kifuani kwako au karibu na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa taulo.
4. Akiamka na kuweza kumeza, mpe chakula halisi mara moja. Sukari tupu hupanda na kushuka tena haraka.
5. Mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, hata kama anaonekana mzima. Kilichoishusha sukari bado kipo.

Kinga ni ratiba. Hadi miezi 3 ale mara nne kwa siku, na mara ya mwisho iwe muda mfupi kabla ya kulala. Miezi 3 hadi 6 mara tatu. Baada ya hapo mara mbili au tatu. Wiki ya kwanza usimbadilishie chakula alichokizoea.

Sahani yake

Chihuahua wa kilo 2 aliyehasiwa anahitaji takriban kalori 190 kwa siku, yaani karibu gramu 50 za chakula kikavu cha kawaida cha mbwa. Angalia idadi ya kalori kwenye mfuko, maana zinatofautiana, kisha pima kwa mizani. “Konzi moja” ya mtu mwenye mkono mkubwa inaweza kuwa chakula cha siku nzima. Ndiyo maana chapati moja anayomegewa mezani, kipande baada ya kipande, na watu wanne tofauti, inamnenepesha bila mtu yeyote kuona kosa lake. Mbavu unatakiwa kuzihisi kwa vidole bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno.

Ugali na mchuzi hujaza tumbo dogo kabla mwili haujapata protini na madini. Nyama tupu nayo haina kalsiamu ya kutosha, na mifupa ya mbwa anayekua huwa laini na kuvunjika. Ukipika mwenyewe, pata mchanganyo kutoka kwa daktari wa mifugo, usikisie. Mifupa ya kuku usimpe kabisa.

Jihadhari na sahani ya pilau: kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu, na zabibu kavu zinaweza kuharibu figo. Gramu 20 tu za chokoleti ya maziwa zinatosha kumtapisha na kumharisha mbwa wa kilo 2. Chokoleti nyeusi, kiasi kidogo zaidi. Makadamia pia hapana, wala bigijii isiyo na sukari yenye zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari).

Mifupa, magoti na koo

Mifupa miwili ya mguu wa mbele, karibu na kifundo, ina unene wa penseli na hupata damu kidogo. Ikivunjika huunga polepole, na wakati mwingine haiungi bila upasuaji. Wengi huvunjika kwa kuruka kutoka kwenye kochi au mikononi mwa mtoto. Weka kigoda au mto mnene mbele ya kochi, tandika mkeka penye vigae vinavyoteleza, na watoto wamshike wakiwa wamekaa chini. Kumnyanyua: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio. Usimvute kwa kwapa wala kwa miguu ya mbele.

Akikimbia halafu akakunja mguu mmoja wa nyuma, akaruka hatua mbili tatu kisha akaendelea kama hakuna kitu, ujue pia ya goti (kile kifupa cha mbele ya goti) inateleza kutoka mahali pake. Wenye hali nyepesi huishi nayo ilimradi wasinenepe. Inayotoka na kubaki nje huhitaji upasuaji.

Mkanda wa shingoni ni wa kuning'iniza kibati cha jina tu. Kamba ya kumwongozea ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, kwa sababu bomba la hewa la mbwa hawa hulegea na kusinyaa. Dalili yake ni kikohozi kikavu chenye mlio kama wa bata bukini, hasa akifurahi au akivuta kamba. Unene, moshi wa jiko la mkaa, udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma huzidisha.

Dawa: hapa ndipo watu wengi wanapokosea

Dawa ya josho haimfai. Iliyo na amitraz, inayotumika kuogeshea ng'ombe, humlevya mbwa, humpunguzia mapigo ya moyo na kumpoza mwili, na Chihuahua hasa haiwezi: lebo za baadhi ya dawa za mbwa zenye amitraz zinamkataza kwa jina. Ivermektini ya sindano ya ng'ombe ina miligramu 10 kwa kila mililita. Hesabu ile ile inayompa ng'ombe mililita 1 kwa kilo 50 inampa mbwa wa kilo 2 mililita 0.04, chini ya tone moja. Hakuna mkono unaoweza kulipima hilo kwa bomba la kawaida. Usigawanye pia dawa ya kupe ya mbwa mkubwa “nusu kwa nusu”. Nunua iliyoandikwa uzito wake.

Dawa za watu vilevile. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 ni miligramu 250 kwa kila kilo ya mwili wake, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoweza kuanza kuharibu ini la mbwa. Ibuprofen inaweza kumtoboa tumbo.

Hata hivyo kupe hawaachwi. Katika Afrika Mashariki kupe wa kahawia wa mbwa hueneza magonjwa ya damu, na mbwa mdogo hana damu ya kupoteza. Kila jioni mkague ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani na chini ya mkia. Homa, fizi nyeupe au mkojo wa rangi ya chai nzito ni safari ya kwa daktari usiku huo.

Chanjo ya parvo (virusi vya kuhara damu) na ya homa ya mbwa (distemper) huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa huanza miezi 3. Dozi ya chanjo haikatwi kwa sababu mbwa ni mdogo. Ila mwombe daktari asichome chanjo nyingi siku moja, na ukae hapo kliniki nusu saa, kwani mbwa wadogo huvimba uso au kutapika baada ya chanjo mara nyingi kuliko wakubwa.

Meno

Meno 42 yamebanana katika taya lenye urefu wa kidole. Ukoga hujikusanya, unakuwa ugaga, fizi zinaoza, na kuna Chihuahua wanaobaki vibogoyo wakiwa na miaka mitano. Mzoeze mapema: wiki ya kwanza mguse midomo tu, ya pili sugua fizi kwa kitambaa chenye unyevu, ya tatu leta mswaki laini wa mtoto na dawa ya meno ya mbwa. Sugua upande wa nje, ambako ndiko ugaga huanzia, kila siku ukiweza. Dawa yako ya meno usimtilie, kwa kuwa hatatema.

Akifika miezi 6 hadi 7 mfungue mdomo. Ukiona chonge mbili zimesimama sambamba, ya utotoni haikung'oka. Ing'olewe, na nafuu ni kufanya hivyo siku anapohasiwa, kwa usingizi uleule.

Anachosema

Anatetemeka kwa baridi, woga, furaha, maumivu au sukari kushuka. Anza na kugusa masikio: yakiwa baridi, mvalishe. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na Julai ya Nairobi au Mbeya inatosha kumfanya ahitaji sweta. Masikio yakiwa na joto na amekula, angalia kilichomtisha.

Sifa ya kuwa mkali ameipata kwa kutosikilizwa. Mbwa mkubwa akinguruma, watu hurudi nyuma. Huyu akinguruma, watu hucheka na kumbeba. Kabla ya kunguruma huwa ameshageuza uso, amelamba midomo, amekakamaa, ameonyesha weupe wa jicho. Mweke chini ukiona hayo, na usimwadhibu kwa kunguruma, usije ukamfundisha kung'ata bila onyo. Mgeni asiyetaka kuguswa na mbwa, kwa dini au kwa woga, asilazimishwe; mbwa apumzike chumba kingine.

Kibofu chake ni kidogo. Wa miezi miwili mitatu atoke kila saa moja au mbili, na mara tu baada ya kulala, kula na kucheza. Majani yenye umande huyakataa, kwa hiyo msimu wa mvua tenga kona kavu.

Jike usimpandishe kwa sababu tu majirani wanataka watoto. Vichwa ni vikubwa, nyonga ni nyembamba, na wengi huishia kupasuliwa. Akishika mimba, apigwe picha ya eksirei wiki ya mwisho kuhesabu na kupima vichwa, na ujue mapema daktari gani hufungua usiku.

Wengi hufika miaka 14 hadi 16, na moyo ndio huanza kuchoka. Kuanzia miaka 8, mhesabie pumzi akiwa usingizini, sekunde 30 mara mbili. Zikizidi 30 kwa dakika, rudia saa moja baadaye, na zikibaki hapo, mpeleke.