Ukijiona uko mbali na mwili wako

Unamrudishia mteja chenji pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, na ghafla mikono inayohesabu noti haionekani kuwa yako. Sauti unaisikia, ila ni kama anaongea mtu mwingine. Au maduka yote yamekaa nyuma ya ukungu, mfano wa asubuhi ya Isyonje, na jua linawaka. Kujiona uko mbali na mwili wako kitabibu huitwa deposonalizesheni; dunia ikionekana si halisi ni derializesheni.

Sikiliza neno "kama". Mwenye hali hii husema "ni kama sipo", na anajua yupo. Aliyerukwa na akili hasemi kama, anaamini. Kwa hiyo si wazimu, wala si lazima mtu awe karogwa.

Huja ubongo ukizidiwa: hofu kali, msiba, kukesha, bangi. Kuhema harakaharaka huongeza tatizo, kwani kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, mishipa ya ubongo husinyaa, kichwa huwa chepesi na vidole hufa ganzi. Mtu hudhani anakufa, akazidi kuhema.

Ikikushika ukiwa kwenye bodaboda, paki kwanza. Keti, kandamiza nyayo chini. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya 4, itoe taratibu kwa hesabu ya 6, kwa dakika 5 hivi. Usivute pumzi kubwakubwa. Nawa maji baridi ya bomba. Julai ya Mbeya haihitaji barafu. Taja kwa sauti vitu 5 unavyoviona, pamoja na rangi zake. Halafu rudi kazini hata kama hali haijaisha.

Wengi huharibu hapo. Wanajitazama kwenye kioo, wanajifinya, wanajiuliza kila dakika kama wamerudi. Kujikagua huko ndiko kunakoilisha hofu, na hofu huilea hali yenyewe.

Ikidumu wiki kadhaa au ikikwamisha kazi, nenda kituo cha afya, uombe rufaa kwa daktari wa magonjwa ya akili. Hakuna kidonge chake mahususi. Tiba kuu ni ya mazungumzo, pamoja na kutibu sonona au wasiwasi ukiwepo. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, ya kujinunulia iache. Andika ilianza lini, hudumu muda gani, ulilala saa ngapi, ulivuta au kunywa nini.

Usisubiri wiki ukizimia, ukikakamaa, ukinusa harufu isiyokuwepo, ukiwa umegonga kichwa, ukiwaza kujiua, au ikianza mara ya kwanza baada ya miaka 40. Nenda na aliyekuona ikikutokea, maana aliyezimia hawezi kusimulia.