Nyumba imenusurika mnada, sasa safisha taarifa zako za mikopo

Mnada ukisitishwa, kilichopona ni nyumba. Jina lako kwenye kanzidata ya wakopaji ya Benki Kuu halijapona, kwa kuwa mle haiandikwi kwamba dalali kaondoka mikono mitupu. Huandikwa salio, kiasi kilichochelewa na siku za ucheleweshaji, na anayepeleka taarifa hizo ni mkopeshaji wako. Kwa hiyo kazi kubwa utaifanyia tawini hapo Tabora mjini, na anayekuahidi kukufutia jina kwa malipo kupitia simu anakula hela yako bure.

Anza kwa kuomba ripoti yako, ukiwa na kitambulisho cha NIDA, kutoka kampuni zinazotoa ripoti za mikopo kutokana na kanzidata hiyo, yaani Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet pia. Usiangalie deni kwanza, angalia namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kama tarehe iliyo kwenye ripoti hailingani nazo, huenda umebebeshwa deni la mtu mwingine. Akina Ramadhani mji huu wamejaa.

Kisha dai tawini taarifa ya akaunti ya mkopo (siyo ya akaunti ya akiba), tangu rejesho la kwanza lililokosekana hadi leo. Ilinganishe na ripoti mstari kwa mstari, ukiwa na stakabadhi zako, notisi ya siku 60 na tangazo la mnada. Karatasi hizo usizitupe kwa hasira. Kiasi kilichodaiwa humo ndicho utakachobishania.

Hapa ndipo makosa yanapojificha. Hela iliyolipwa kwa dalali, au iliyowekwa benki bila namba ya mkopo, inaweza kukaa kwenye akaunti ya kushikilia hela ambayo benki haijajua ni ya mkopo upi, huku mkopo ukiendelea kuhesabu siku. Gharama za dalali au mwanasheria nazo huingizwa baada ya wewe kudhani umemaliza: zinabaki shilingi elfu arobaini tu, hujui, na mfumo unakuhesabu mdaiwa. Ucheleweshaji ukipita siku 90 mkopo ni chechefu, yaani umehesabiwa kuwa haulipiki, hata kama kilichobaki hakinunui gunia la mahindi.

Kinachofuata kinategemea namna ulivyoinusuru nyumba. Ukiwa umelipa deni lote, dai barua ya kutodaiwa yenye namba ya mkopo, tarehe ya malipo ya mwisho na neno "salio sifuri". Ukiwa umesamehewa sehemu ya riba, barua iseme wazi kwamba kilichobaki kimesamehewa na hakitadaiwa tena. Bila sentensi hiyo, kiasi kile kinaweza kubaki kwenye ripoti kama deni lililofutwa vitabuni (benki imekata tamaa nalo, lakini hujasamehewa), na mkopeshaji mwingine akiliona anafunga faili. Ukiwa umepangiwa marejesho upya, omba mkataba mpya na ratiba yake, halafu hakikisha ratiba ya zamani imefungwa kwenye mfumo. Zikiachwa mbili, utaonekana una mikopo miwili. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge asikubali marejesho sawa ya kila mwezi. Aombe rejesho kubwa liangukie baada ya malipo ya masoko, la sivyo atachelewa tena kabla tumbaku haijafika sokoni.

Barua ya kuomba marekebisho iwe ya ukurasa mmoja: jina kama lilivyo NIDA, namba ya mkopo, kosa lenyewe, takwimu sahihi, na nakala za vielelezo. Peleka kwa meneja wa tawi, nakala kwa kampuni iliyotoa ripoti, na hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Kumweleza afisa mikopo kwa mdomo hakuachi ushahidi, na maafisa huhamishwa. Wakikaa kimya au wakikataa, malalamiko yaende Benki Kuu, lakini huko utaulizwa kwanza kama ulimlalamikia mkopeshaji. Muhuri ule ndio jibu.

Usidai kufutiwa ucheleweshaji uliotokea kweli. Unachoweza kudai ni usomeke kama ulivyokwisha: siku sahihi, mkopo umefungwa au unalipwa.

Aliyemaliza deni asisahau hati. Rehani haifutiki kwa barua ya benki peke yake. Fomu ya kuifuta isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ofisi ya ardhi ya mkoa.

Kuhusu mkopo mpya, tulia. Mikopo midogo ya simu ichunge, kwani nayo inaweza kuripotiwa, na ya elfu ishirini iliyosahaulika inaharibu kazi yote hii. Mkopo mdogo wa SACCOS unaolipwa kwa wakati unafaa zaidi, ila uliza kwanza kama SACCOS hiyo hupeleka taarifa. Isipopeleka, uaminifu wako utajulikana kwao tu. Omba ripoti tena miezi miwili au mitatu baada ya marekebisho, uone kama kilichoahidiwa tawini kimefika.