Roboti ya kwanza ya timu mpya: chagueni kazi moja

Msimu wetu wa kwanza tulijenga mkono mrefu wa kufanya kila kitu. Siku nzima uwanjani uliinuka mara mbili. Timu ya meza ya jirani, yenye kisanduku cha magurudumu na kibao cha kusukumia, ilituacha mbali. Tangu hapo timu mpya za FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, naziongoza hivi.

Hatua ya 1: Someni kanuni kabla ya kuchora. Kitabu kizima, hadi adhabu. Siku hiyo hakuna ruhusa ya kutaja mota wala gia. Orodhesheni kila njia ya kupata alama na kila njia ya kuzipoteza.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya sekunde. Roboti hujiendesha yenyewe sekunde 30, kisha madereva hupewa dakika 2. Chora uwanja sakafuni kwa utepe, mwanafunzi mmoja ajifanye roboti, mwingine ashike saa. Tuseme kupeleka kitu kapu la chini na kurudi ni sekunde 20, kwa alama 3: safari 6, alama 18. Kapu la juu linalipa 8 lakini safari ni sekunde 40: safari 3, alama 24. Juu kunavutia, sivyo? Sasa kila upande ukose safari moja: juu 16, chini 15. Zikikosewa mbili, juu mnabaki na 8, chini 12. Na timu mpya hukosa, tena sana. Hapo bado sijataja wiki zitakazoliwa na mtambo wa kuinulia.

Hatua ya 3: Andikeni ukutani: lazima, ikiwezekana, hapana. Lazima ni kutembea vizuri na kazi moja ya alama. Ugomvi wote utakuwa kwenye "hapana". Mwenye wazo zuri ataumia. Mwacheni aumie sasa, si siku ya mashindano.

Hatua ya 4: Fremu itembee wiki ya kwanza. Vifaa vilivyokatwa tayari vinatosha, msione aibu. Betri ikae chini, katikati. Roboti huanza ndani ya inchi 18 kila upande, lakini mkono ukishanyooka na uzito uko juu, kona moja ya kasi inaipindua.

Hatua ya 5: Kikamatio kiwe na mdomo mpana. Kikigusa kitu, kikimeze, hata dereva akikosea kidogo. Jaribuni kwa kadibodi kwanza.

Hatua ya 6: Wekeni bisibisi chini mapema. Wiki mbili za mwisho ni za kuendesha tu, mkiandika daftarini safari zilizofaulu na zilizokosa. Kabla ya kila mechi vuta kila plagi kwa mkono. Inayochomoka ingechomokea uwanjani. Daftari hilo njooni nalo: nahodha wa timu inayoongoza akitafuta timu ya kushirikiana nayo kwenye mechi za mtoano, mfungulieni ukurasa wa mechi za asubuhi hiyo.