SOMO: Mazoezi ya mkono baada ya kukatwa titi (soma yote kabla hujauliza)

Naulizwa kila mara, "Mkono nianze kuunyanyua lini?" Nimechoka kuandika jibu lilelile, nalibandika hapa. Mimi si daktari. Nimekatwa titi na tezi za kwapani, na haya ndiyo niliyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi tiba. Daktari wako akikuelekeza vingine, mfuate yeye, hasa kama umetengenezewa titi jipya.

Hatua ya 1. Kuanzia siku ya kwanza: fumba na kufumbua kiganja, kunja na kunyoosha kiwiko, nywele chana mwenyewe.

Hatua ya 2. Mrija wa kutoa maji ukiwepo, kiwiko kisipite usawa wa bega, hata ukichana nywele. Basi.

Hatua ya 3. Mrija ukishatoka na daktari akiruhusu, lala chali, shika mpini wa ufagio kwa mikono miwili, mkono mzima uusaidie mwenzake kupanda juu ya kichwa. Mara 5 hadi 7, asubuhi na jioni.

Hatua ya 4. Kupanda ukuta. Simama ukiutazama ukuta, vidole vitambae juu, weka alama ya chaki ulipofikia. Sasa sikilizeni: mwili una ujanja. Bega linapanda sikioni, mgongo unapinda nyuma, chaki inapanda na wewe unafurahi, kumbe kwapa halijanyooka hata kidogo. Chaki yangu ilipanda hivyo hivyo mpaka mtaalamu akaniwekea kiganja begani akalishusha. Nikateremka nusu ukuta. Shusha bega kwanza, toa pumzi, ndipo vidole vipande. Kuvutika ni sawa, maumivu makali simama. Na mtu asikuvute mkono, wala wale mashangazi wa kuchua kwa nguvu, tunao kila mtaa.

Usiruke hatua hii kama una mionzi mbele. Kule Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, utalazwa mkono ukiwa juu ya kichwa. Mionzi nayo hukaza bega hata miezi baadaye, kwa hiyo usiache ukimaliza.

MASWALI

Mama Zuhura, Makorora: Dada, nikinyoosha mkono naona kamba nyembamba kutoka kwapani hadi kiwikoni. Ni uzi wa mshono?
– Si uzi, mama, na umefanya vyema kuuliza. Huwatokea wengi waliotolewa tezi, wiki chache baada ya upasuaji. Hulegea kwa kunyoosha polepole. Mwonyeshe mtaalamu, akufundishe kunyoosha kiwiko pamoja na kifundo cha mkono.

Msafiri: Mrija upo, mke wangu aanze ukuta?
– Hatua ya 2.

Msafiri: Nimesoma, ila ana haraka.
– Haraka mpelekee daktari. Maji yakijaa chini ya kidonda atarudi kunyonywa kwa sindano.

Bi Chausiku, Ngamiani: Bangili haipandi tena, mkono mzito.
– Nenda hospitali ya Bombo, bibi, wala usiukande. Uvimbe huo ukiwahiwa hudhibitiwa kwa soksi ya mkono inayobana na mazoezi. Ukiwa mwekundu, wa moto, na una homa, usingoje kesho.

Binti Chumbageni: Na kukuna nazi?
– Wiki 6 za mwanzo akukunie mwingine. Baadaye kidogo kidogo, ukipumzika.

Mama Zuhura: Samaki je? Miba hainiachi.
– Vaa glavu. Ukichomwa, osha kwa sabuni papo hapo.

Binti Chumbageni: Za mpira huteleza kwenye magamba. Mimi navaa za kitambaa juu yake.