Kutunga wimbo wa pop na roki wa Kijapani kwa kuanzia kwenye kiitikio

Mwongozo huu unamfaa mtu anayepiga kodi za kawaida kwenye gitaa au kinanda na anayezijua noti kwa do, re, mi. Tutatumia ufunguo wa C, na tutaanza na kiitikio, ambacho Wajapani hukiita sabi, kwa kuwa sehemu nyingine zote hutungwa ili kumfikisha msikilizaji hapo.

Hatua ya kwanza: kodi za sabi. Piga F, G, Em na Am, kila moja baa nzima, yaani mapigo manne, kisha rudia. Mfuatano huu, unaojulikana Japani kama njia ya kifalme, umebeba viitikio vingi mno vya pop na vya anime, yaani filamu za katuni za Kijapani, na nguvu yake inatokana na kutopigwa kwa C, kodi ambayo sikio linaisubiri muda wote. Sasa imba mi moja ndefu juu ya kodi zote nne bila kuibadilisha. Juu ya F inajaa hamu, juu ya G inaning'inia, juu ya Em inatulia, na juu ya Am inaingiwa na huzuni. Usisonge mbele kabla tofauti hizo hazijakukaa sikioni, kwani mimi naona humo ndimo ulimo utamu wote wa muziki huu. Ukitaka uchungu zaidi, weka E7 mahali pa Em, ila melodi isikae kwenye so wakati huo, kwa sababu E7 ina so iliyopandishwa nusu toni na noti hizo mbili zitagongana.

Hatua ya pili: melodi. Juu ya F imba la, la, ti, do. Juu ya G ipandishe sentensi hiyo hiyo iwe ti, ti, do, re. Kwenye Em shuka kidogo, na noti ya juu kuliko zote, yaani mi ya juu, itunze kwa ajili ya Am.

Hatua ya tatu: sehemu za A na B. A ni ubeti unaoanza wimbo, na B ni kipande kinachouunganisha na sabi. A iwe ya chini, karibu na sauti ya mazungumzo. B ndiyo ngumu: punguza ngoma hadi nusu ya mwendo, panda taratibu, ubaki kwenye G baa ya mwisho, kisha nyamazisha vyombo vyote pigo moja kabla ya sabi. Wimbo wa kufungulia anime huchukua takriban sekunde 90. Kwa mapigo 160 kwa dakika hizo ni baa 60 tu, kwa hiyo utangulizi uwe mfupi.

Hatua ya nne: maneno. Kijapani huhesabiwa karibu kama mizani zetu: shinbun, yaani gazeti, ni shi-n-bu-n, na kila n hupewa noti yake kama m ya mtu. Asiye na mwimbaji atumie programu ya sauti kama Hatsune Miku, iliyotolewa na Crypton Future Media mwaka 2007. Wanamuziki wa Kijapani Kenshi Yonezu na Ayase wa kundi la YOASOBI walijulikana kwanza kwa kutunga hivyo.

Hatua ya tano: sabi ya mwisho. Ipandishe toni nzima hadi ufunguo wa D ukipitia A7, na uiimbe kabla ya kurekodi chochote. Sauti isipofika juu, shusha ufunguo wa wimbo mzima tangu mwanzo.