Kukagua penthausi ya pwani kabla ya kulipa amana

Dalali atakupeleka kwanza roshani ukaone bahari. Nenda, pigwa na upepo, kisha mwombe ufunguo wa paa. Iwe Nyali ya Mombasa au Masaki ya Dar es Salaam, kinachokula pesa za mnunuzi wa ghorofa ya juu kabisa kiko juu ya kichwa chake.

Panda saa moja au mbili baada ya mvua kubwa kukatika. Ukikuta dimbwi, huenda mteremko ni mbovu. Paa la zege linatakiwa kushuka walau sentimita 1.25 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Kupima ni rahisi: laza ubao ulionyooka wa mita 2, weka pimamaji juu yake, inua upande wa chini mpaka kiputo kikae katikati. Pengo chini ya ubao likiwa dogo kuliko milimita 25, maji yatatuama.

Halafu tazama kona. Tabaka la kuzuia maji lipande ukutani milimita 150 kutoka usawa wa sakafu iliyomalizika. Mafundi wenye haraka huliishiza pale slabu inapokutana na ukuta, na hapo ndipo maji hupenyea. Omba paa lijaribiwe: matundu yazibwe, maji yasimame kina cha sentimita 2.5 hadi 5 kwa saa 24 mpaka 48, wewe ukague dari chini yake. Muuzaji akikataa, jibu umeshalipata. Chumba kimoja chenye dari iliyopakwa rangi juzi, vingine vyote rangi ya zamani, nacho kinasema mengi; angalia pembeni mwa taa kama kuna duara la kahawia linaloanza kurudi.

Jakuzi ya juu ya paa ihesabie kwa kilo. Maji ya kina cha sentimita 80 yana uzito wa kilo 800 kwa kila mita ya mraba, kabla ya kuhesabu beseni na watu. Sakafu ya kawaida ya makazi husanifiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 tu kwa eneo hilohilo. Dai mchoro wa mhandisi aliyesajiliwa unaoonyesha jakuzi mahali ilipo. Kama iliongezwa baadaye bila mchoro, iondolewe au uachane na nyumba.

Maji ndiyo kichekesho cha majumba haya: aliyelipa ghali zaidi ndiye mwenye presha ndogo. Kila mita 10 za kimo hutoa bar 1 (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya shawa linakupa bar 0.3, na shawa pana ya kisasa hutaka bar 1 au zaidi. Lazima kuwe na pampu ya kuongeza presha. Fungua shawa na bomba la jikoni pamoja. Ndoo ya lita 10 chini ya shawa ijae ndani ya dakika moja. Kisha mwombe msimamizi azime umeme wa laini. Kuna majengo ambayo jenereta huwasha taa za ngazi tu, lifti na pampu vikalala.

Vyuma vya roshani viwe vya chuma kisichoshika kutu (stainless steel) cha gredi 316, kwa sababu gredi 304 huota madoa ya kutu kwenye hewa ya chumvi. Sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Dai cheti cha muuza chuma.

Mwisho, hati. Kenya ina sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za jengo, Tanzania Bara ina ya 2008. Wakili wako asome mchoro uliosajiliwa aone kama paa ni lako au ni la wakazi wote, maana paa la wote huuzwa kwa maneno matupu kama la mtu mmoja. Asiye raia wa Kenya hapati zaidi ya umiliki wa miaka 99. Omba pia hesabu za miaka mitatu za jengo: ada ya huduma ikigawanywa kwa ukubwa wa nyumba, wewe ndiye utakayebeba sehemu kubwa ya lifti mpya, hivyo ujue kama mfuko wa akiba una kitu.